Vipande vya Hiari

4 Februari

Kijiti,

Barua yako imefika ikinuka mafuta ya mashine. Mama aliinusa kabla ya kuisoma, akasema angalau mwanangu yuko kazini. Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likipata joto linanyamaza. Mpangaji wa chumba cha mbele amehama na ametuachia kabati ambalo halipiti mlangoni, na hatujui aliliingizaje. Mimi mzima. Kiwandani nimehamishiwa mezani, napokea oda na kuwapigia wateja simu. Vioo wanakata wengine siku hizi.

Sasa tuje kwenye kazi yetu, mchezo wetu wa karatasi. Umelalamika tangu mwaka jana kwamba Gogo, mpiganaji wako, anazunguka nchi ya mazimwi na shati moja la chuma kama mtu aliyetoka bafuni mbio. Nimekusikia. Nimetunga sura mpya ya kanuni, nimeiita Vipande vya Hiari, na ninakunakilia hapa usije ukasema hukuambiwa. Kumbuka msimamizi wa mchezo huu ni mimi, tangu ulipokuwa huna meno ya mbele. Wewe unasema Gogo anafanya nini, mimi nasema kinachompata, na neno la mwisho ni langu.

Deraya ya kawaida, yaani lile shati la chuma, inabaki kama ilivyo. Juu yake unaweza kuongeza kofia, kinga ya koo, glavu za chuma na kinga za miguu. Hulazimishwi kuvaa hata kimoja. Faida yake ni hii: pigo likikupata, unaweza kuchagua kipande kimoja ulichovaa ukakivunja, na pigo linafutwa kana kwamba halikuwepo. Kikivunjika hakirudi. Hakuna mhunzi, hakuna uchawi, usiniandikie kuniuliza. Na kipande kinafuta pigo tu. Hakifuti sumu, hakifuti kuanguka, wala hakifuti ujinga.

Kila kipande nacho kinakutoza kitu. Glavu zinakunyima vidole, kwa hiyo huwezi kufungua kufuli wala kufunga kidonda. Hili sikulibuni. Miaka yote niliyokata vioo nilivaa glavu wakati wa kubeba na kuzivua wakati wa kukata, kwa sababu kioo kinachotaka kupasuka vibaya hutetemeka kidogo chini ya kidole, na ukiwa na glavu hulijui hilo mpaka kimeshapasuka. Kinga za miguu zinakupunguzia mwendo. Kinga ya koo inakuzuia kugeuza shingo, na anayekujia kwa nyuma anakupata kirahisi. Kofia inapunguza kusikia. Hiyo ya kofia bado sijaimaliza.

Chagua uniambie. Gogo yuko mlangoni mwa pango, na Mama Taa, yule kikongwe wangu anayekuonyesha njia, amesimama naye akilalamika kwamba mafuta ya taa yanaisha.

Dada yako


23 Februari

Dada,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpelekee mama nzima nzima, usiimege. Najua niliongea naye Jumapili, lakini simu ni ya mama na mchezo ni wa karatasi, ndivyo tulivyokubaliana. Mimi mzima. Tuko kwenye jengo la ofisi ambalo lifti yake ina tabia ya kusimama katikati ya ghorofa ya tano na ya sita. Juzi ilisimama na meneja ndani, akiwa na keki ya mfanyakazi anayestaafu. Tulipomtoa, keki ilikuwa imepungua. Hakuna aliyeuliza.

Sura yako nimeisoma mara tatu. Ni nzuri, inaudhi kama wewe. Ila ya kofia umeionea huruma. Wiki iliyopita nilikuwa juu ya chumba cha lifti, mwenzangu yuko chini kabisa ya shimo. Nimevaa kofia, mota ya jirani inaunguruma. Akaniita. Nikasikia kama mtu anayeongea ndani ya debe, nikaendelea kukaza nati zangu. Alikuwa ananiambia anawasha umeme. Nilichungulia chini kwa bahati tu, nikamwona anapunga mikono kama anayefukuza nyuki.

Kwa hiyo andika hivi: mvaa kofia hasikii onyo lolote isipokuwa dadu ikionyesha tano au sita. Asiposikia, hajasikia, na dadu hairudiwi. Andika hilo la kutorudiwa kwa herufi kubwa.

Dadu ya Gogo unirushie wewe kama kawaida, na mimi nakurushia ya mazimwi yako na ya Mama Taa. Mchezo huu umedumu kwa sababu hatuaminiani.

Gogo anachukua kofia na kinga ya koo. Glavu sitaki, nataka vidole vyangu. Anaingia pangoni, Mama Taa kando yake.

Halafu, kwa nini uko mezani? Wewe mwenyewe ulikuwa unasema anayewekwa mezani pale kiwandani ni aliyekatika kidole. Hesabu vidole vyako unijibu.

Mdogo wako,
Kijiti


20 Machi

Kijiti,

Nimechelewa, nilikuwa na shughuli. Sisi wazima. Vidole vyangu vyote vipo. Seremala alikuja kulipima lile kabati, akacheka, akaondoka. Mama ameamua kuweka mashuka humo na kulitambulisha kwa wageni kana kwamba tulilinunua.

Kanuni ya kofia nimeikubali na nimeiandika kwa maneno yako hasa, ili siku ikikuuma usiseme ni yangu. HAIRUDIWI iko kwa herufi kubwa.

Pangoni kuna harufu ya nywele zilizoungua. Mmetembea mpaka njia ikawa nyembamba, bega la Gogo linagusa ukuta huku na huku. Mbele kuna zimwi limekaa kitako kama mtu anayesubiri ofisi ifunguliwe. Lina mkuki. Mazimwi ya pangoni hayapendi mwanga, kwa hiyo halikumtazama Gogo na machuma yake yote. Limeutupa mkuki kwenye taa. Nirushie dadu ya zimwi: ikiwa tatu au zaidi, mkuki umempata Mama Taa. Hana deraya na ni mzee. Pigo moja linamtosha.

Mambo ya meza usiniulize tena. Meza ni meza.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, na safari hii nitafupisha habari zangu.

Nimerusha dadu juu ya kitanda, ikakwama kwenye blanketi, nikarusha tena juu ya sahani. Sita. Sikuipenda hata kidogo. Mkuki umempata Mama Taa.

Gogo yuko kando yake. Anang'oa kinga yake ya koo, anaivunja, na pigo la Mama Taa linafutwa. Nimeisoma sura yako tena na tena. Imeandikwa kwamba ukivunja kipande, pigo linafutwa. Haikuandikwa pigo la nani.

La pili. Juzi Jumatatu nilimpigia mama mchana nikamwomba akupe simu. Akasema, "Hayupo, leo si ndiyo siku yake ya mashine?" Kisha akaanza kuniuliza hali ya hewa ya huku, mama yetu ambaye hajawahi kuuliza hali ya hewa tangu azaliwe. Nikamwuliza mashine gani. Akasema jirani anabisha hodi, akakata. Sikusikia hodi yoyote.

Uko mezani. Barua zako zinachelewa. Una siku ya mashine. Dada, sijasoma sana lakini kujumlisha najua. Niambie.

Kijiti


19 Aprili

Kijiti,

Nimekuandikia "mimi mzima" mwaka huu mpaka neno lenyewe limenichosha. Leo naliacha. Mama ni mzima. Mimi si mzima.

Figo zangu zimekwisha. Si kuuma, zimekwisha, zote mbili. Ilianza kwa kuvimba miguu nikadhani ni kusimama kazini. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nakaa hospitali kwenye kiti kirefu, damu inatoka mkono wa kushoto, inaingia kwenye mashine, inasafishwa, inarudi. Naenda asubuhi, narudi nikiwa kama nguo iliyokamuliwa. Kiti changu kiko dirishani, nilikigombania na mzee mmoja mstaafu wa posta. Kioo cha dirisha lile kilikatwa na mtu asiyejua kazi, wamejaza gundi pembeni kuficha pengo, na mimi nimefungwa mirija nakitazama wiki nzima siwezi kukifanya lolote. Hilo linaniumiza kuliko sindano.

Mama nilimkataza kukwambia. Alijitolea figo yake siku ileile tuliyoambiwa, wakamkataa kwa sababu ya presha. Alilia kuliko mimi. Daktari akaniuliza kama nina ndugu wa tumbo moja. Nikamwambia sina.

Sasa hukumu. Haiwezekani. Kipande ni cha mwili uliokivaa, kimepimwa kwa shingo ya Gogo, na kinalinda shingo ya Gogo. Rudisha kinga yako mahali pake, haikuvunjika. Kwa kuwa kanuni ilikuwa na tundu na tundu hilo ni langu, Mama Taa simwui leo. Amelala chini, anapumua, taa iko ubavuni mwake inawaka. Zimwi limerudi nyuma gizani. Mna muda kidogo, si mwingi.

Na mimi nakujua wewe. Huko mawazo yako yanakoelekea, yarudishe.

Dada yako


6 Mei

Dada,

Shikamoo, ingawa leo nakuamkia kwa shingo upande.

"Sina." Nimelisoma hilo neno nimekaa kwenye ngazi za jengo la watu, watu wananiruka wanapita. Wewe uliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Wewe uliyenipa jina la Kijiti mpaka walimu wakawa wanaliita. Sina! Nilikasirika mpaka nikapanda ghorofa zote kwa miguu, mimi fundi wa lifti.

Nilipofika juu nilikuwa nimeshaamua. Nimekwenda hospitali ya huku. Damu zetu zinapatana. Figo zangu mbili nzima, wamezipiga picha, nimeziona, hazina hata sura. Vipimo vilivyobaki vitafanyika huko kwenu. Niliuliza maswali mpaka nesi akanivutia kiti. Mtu anaishi na moja, anafanya kazi, anazeeka. Bosi wa mafundi amekubali niketi chumba cha mitambo mpaka nipone, wengine wabebe mota. Kilichobaki ni kimoja: wamesema anayepewa lazima akubali mwenyewe.

Unajua chumba cha lifti kinaning'inia kwa kamba kadhaa za chuma. Watu wakiona moja inabadilishwa wanashika vifua. Lakini kila moja ina nguvu ya kukibeba chumba peke yake, ndivyo zinavyotengenezwa. Nimewaeleza hivyo abiria mara nyingi. Sikuwahi kufikiri nitakueleza wewe.

Nimevaa vipande viwili, Dada. Kimoja ni cha hiari. Na Gogo bado anang'ang'ania: anavunja kinga ya koo kwa ajili ya Mama Taa. Nakata rufaa.

Kijiti


11 Juni

Kijiti,

Mama anakusalimu. Kabati limeanza kupendwa, paka amezalia humo.

Sikujibu kwa sababu sikutaka kukujibu. Jibu ni hapana.

Nilikuwa nimeandaa sababu. Kazi yako ni ya nguvu. Mama asiwe na watoto wake wote wawili chini ya kisu siku moja. Nilimweleza mama hizo sababu akaniangalia, akasema, "Mimi nimewazaa wawili, msinipe nichague," akatoka kwenda kuanika nguo. Kwa hiyo sababu hizo naziacha. Nakupa ya kweli.

Mimi ndiye mkubwa. Nimekuua katika mchezo huu mara nyingi, nyingine ulilia mpaka ukapaliwa, na sikuwahi kurudia dadu. Ndiyo maana uliposhinda ulijua umeshinda. Nikiwa na figo yako tumboni nitaanza kukuonea haya. Zimwi likiinua rungu juu yako, nitalilegeza mkono. Utakuja nyumbani utasema jambo la kipuuzi mezani, na mimi nitafunga mdomo, kwa sababu ya figo. Utanikopa... hapana, hata hutanikopa chochote, nitakuwa nimeshakupa kabla hujaomba. Nitaishi kama mgeni kwako, na wewe utakuwa mtu mwema tu, na mimi sitaki mtu mwema, nina mdogo wangu.

Naliogopa hilo kuliko mashine. Mashine nimeizoea.

Rufaa imekataliwa.

Dada yako


24 Juni

Dada,

Shikamoo, safari hii kwa moyo wote. Barua yako ilinifurahisha. Nilidhani utaniambia unaogopa kufa. Kumbe unaogopa kuniheshimu.

Basi sikiliza masharti yangu. Nakupa figo kwa sharti kwamba uendelee kuwa mbaya. Utaniambia nikisema upuuzi. Utanicheka nikikosea. Na mchezoni utaniua kwa haki, bila kusitasita, kama ulivyoniua kwenye kisima, kwenye daraja la kamba, na ile siku ya kobe ambayo bado nasema ulinionea. Ukinipendelea hata mara moja nitajua. Nimecheza nawe miaka yote hii, najua uandishi wako ukiwa unadanganya. Siku hiyo naacha mchezo.

Na mimi nikwambie ninachoogopa. Umeshika kiti cha dirishani, umezoea, kila kitu kiko sawa. Lakini wewe ukienda, nani atanirushia dadu? Nitairusha mwenyewe. Nitapata sita kila mara, Dada, unanijua, nitairusha mpaka iwe sita. Nitabaki na Gogo asiyekufa, peke yangu chumbani, hakuna wa kuniambia nimeshindwa. Sitaki. Nakuomba. Hili si la kanuni, hapa nakuomba tu.

Nasubiri barua yako. Nimeacha hata kumpigia mama, naogopa atauliza hali ya hewa.

Kijiti


15 Julai

Kijiti,

Mama anakusalimu, goti halijambo. Mimi si mzima, lakini nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu barua yako ifike.

Marekebisho ya sura ya Vipande vya Hiari. Futa pale paliposema kipande ni cha mwili uliokivaa. Andika: mpiganaji anaweza kuvunja kipande chake kwa ajili ya mwenzake aliye karibu naye, kama mwenzake atakubali. Asipokubali, haiwezekani. Akikubali, haulizwi tena, wala hatakiwi kushukuru kila zamu.

Gogo amemwinamia Mama Taa, ameshika kinga yake ya koo kwa mikono miwili. Kikongwe anamtazama. Ni mkaidi, unamjua. Anakubali.

Masharti yako nimeyasoma na nimeyasaini, karatasi ameishika mama. Nimemwambia daktari kwamba nina ndugu, nilisahau. Akacheka akaniambia watu wengi husahau. Njoo na nguo za kulalia zenye vifungo mbele, zile za kuvaa kwa kichwani zitakutesa na mshono. Na usije na soksi zako zile.

Dada yako


9 Septemba
Wodi ya wanaume, ng'ambo ya korido

Dada,

Hii ndiyo barua ya kwanza nakuandikia bila stempu. Nesi mwenye miwani amekubali kuwa posta, ila amesema hataki majibu ya kumtuma kila dakika, ana wagonjwa.

Shikamoo. Mimi mzima kiasi. Nikikohoa naona nyota. Nimesikia figo yangu imeanza kazi kwako mara moja, haikuomba hata likizo. Mama amekaa kwenye benchi la korido ili awe sawa kati yetu. Amegoma kuingia kwako au kwangu mpaka ahesabu dakika zilingane.

Sikuwa na uwezo wa kusubiri nipone. Gogo amebakiwa na kofia, ameiacha kichwani. Wanatoka pangoni, wanavuka daraja la minyororo lililoko mbele. Gogo anatangulia kulijaribu, Mama Taa anasubiri ukingoni na taa.

Dadu iko ndani ya kile kikopo cha dawa nilichompa nesi. Nirushie. Na ukumbuke ulichosaini.

Kijiti


12 Septemba
Wodi ya wanawake

Kijiti,

Mimi mzima. Nimeliandika hilo neno, nikalitazama, nikaliacha. Jana nilikojoa, nesi akashangilia kama nimefunga goli, na mgonjwa wa kitanda cha pili akapiga makofi bila kujua kuna nini.

Gogo amefika katikati ya daraja. Mama Taa, aliye ukingoni, ameona pini ya mnyororo mmoja inachomoka kwenye jiwe. Amempigia kelele asimame arudi. Lakini Gogo amevaa kofia.

Nimekurushia dadu juu ya sinia la chakula, nesi mwenye miwani akiwa shahidi. Ulihitaji tano au sita.

Tatu.

Nesi akaniuliza tatu ni nzuri? Nikamwambia hapana. Akasema basi rusha tena, nani ameona. Niliishika dadu mkononi, Kijiti. Niliishika muda mrefu, nikausikia mshono wangu upande huu nikafikiri wako upande ule. Nilitaka kurusha. Mkono ulikuwa umeshainuka. Kisha nikakumbuka nani aliyeniambia niandike kwa herufi kubwa.

Gogo hakusikia. Pini imechomoka, daraja limekatika. Na usijaribu kuvunja kofia, kofia inafuta pigo, haifuti kuanguka, liko kwenye barua ya Februari. Ameanguka bila kugeuka nyuma. Mama Taa ameinama na taa yake mpaka mwanga ukashindwa kufika. Gogo amekufa.

Nililia kidogo. Halafu nilifurahi sana, furaha ya kweli, kwa sababu nimeweza. Chora mpiganaji mwingine.

Dada yako


13 Septemba
Wodi ya wanaume

Dada,

Dhuluma! Nakata rufaa! Daraja gani hilo lenye pini moja? Ni fundi gani aliyelikagua? Gogo nimekaa naye miaka, umemtupa kama ganda la karanga, na mwenzio niko kitandani na figo moja. Huna hata aibu.

Barua yako ilipofika niliogopa kuifungua. Niliiweka juu ya blanketi mpaka chai ikapoa. Nilipofika kwenye tatu nilicheka mpaka nesi akaniletea mto niukumbatie tumboni mshono usifunguke, kisha nikalia, na mama akaingia bila kuhesabu dakika akitaka kujua nimeumia wapi. Nikamwambia Dada ameniua. Akasema afadhali, akakaa.

Mpiganaji mpya nimemchora nyuma ya karatasi hii. Bado hana jina. Hana kofia, hana kinga ya koo, ana shati tu. Amefika ukingoni mwa daraja lililokatika, amemkuta kikongwe ameshika taa, amekaa chini, amechoka. Anamwamkia. Anamwuliza kama anahitaji mtu wa kutembea naye.

Zamu yako.

Kijiti